Abul-Mawahib wa Kilwa: Tabia ya Sultani kama Alivyoonwa na Ibn Battuta

Watawala wengi wa mwambao wa Afrika Mashariki katika karne ya 13 na ya 14 wamebaki majina tu. Hutajwa katika orodha za nasaba au katika maandishi ya sarafu, lakini namna walivyozungumza na raia wao, walivyowapokea wageni na walivyotumia mali ya dola haijulikani. Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa ni mmoja wa wachache walionusurika na usahaulifu huo. Mwaka 1331 mji wake ulifikiwa na msafiri kutoka Morocco, Ibn Battuta, ambaye alimwona kwa macho yake, akayahifadhi moyoni aliyoyaona, na miaka mingi baadaye akayasimulia yakaandikwa.

Maelezo hayo ni mafupi, hayazidi kurasa chache katika kitabu kikubwa cha safari. Hata hivyo yanachora mtu kamili: mnyenyekevu mbele ya maskini, mwepesi wa kutoa, mwangalifu katika kuigawa mali kwa mujibu wa sheria ya dini yake, na wakati huohuo kiongozi wa mashambulizi aliyewavamia majirani zake wa bara na kuwatoa binadamu kuwa zawadi. Sifa zote hizo zimo katika simulizi moja, na haiwezekani kuielewa moja bila nyingine.

Mji na nasaba ya Sultani

Kilwa Kisiwani, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kilwa mkoani Lindi, ilikuwa katika kilele cha nguvu zake wakati huo. Majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalifika na upepo wa kaskazi na kurejea na upepo wa kusi. Mji huo ulikuwa umeidhibiti biashara ya Sofala, bandari iliyokuwa katika pwani ya Msumbiji ya leo, ambako dhahabu kutoka nyanda za juu za Zimbabwe ilifikishwa baharini. Dhahabu na pembe za ndovu zilitoka. Nguo, shanga za kioo na vyombo vya kauri, vikiwemo vya kutoka China, viliingia. Mfanyabiashara mmoja alimweleza Ibn Battuta kwamba safari ya kutoka Kilwa hadi Sofala huchukua nusu ya mwezi, maelezo yanayoonyesha kwamba njia hiyo ilikuwa ikijulikana vyema na watu wa bandarini.

Al-Hasan bin Sulaiman alikuwa wa ukoo wa Mahdali, ukoo unaonasibishwa na masharifu wa Yemen, ambao ulichukua utawala wa Kilwa katika nusu ya pili ya karne ya 13 baada ya nasaba iliyojulikana kuwa ya Washirazi. Wanahistoria huukadiria utawala wake kuwa kati ya miaka ya 1310 na 1333 hivi. Kitabu cha kale cha historia ya Kilwa, kilichoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, kinasimulia kwamba akiwa bado kijana alikwenda Aden kutafuta elimu ya dini, kisha akaendelea hadi Makka kuhiji. Wakati hayupo, nduguye Dawud alishika hatamu za utawala kwa niaba yake. Aliporejea, Dawud alimpisha, naye akaketi katika kiti cha enzi.

Habari hiyo ya ujana ina uzito katika kuielewa tabia yake. Mtu aliyekalia enzi ya Kilwa alikuwa amewahi kuwa mwanafunzi katika nchi ya watu, akakaa katika madarasa ya wanazuoni na kusafiri pamoja na mahujaji wa kila hali, matajiri kwa maskini. Pia alikuwa na ndugu aliyemtunzia madaraka na kumrejeshea bila vita. Ndugu huyohuyo ataonekana tena mwishoni mwa simulizi, katika sura tofauti.

Shahidi na ushahidi wake

Ibn Battuta alizaliwa mjini Tangier mwaka 1304, akaondoka kwao mwaka 1325 akiwa na umri wa miaka 21 kwa nia ya kuhiji. Hakurejea upesi. Alipofika Kilwa alikuwa kijana wa miaka 27 hivi, aliyesomea sheria ya Kiislamu, na ambaye tayari alikuwa ameyaona mabaraza ya watawala kadhaa. Alishuka kutoka Aden hadi Zeila, akaenda Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, kisha akafika Kilwa. Baadaye alielekea kaskazini hadi Dhofar, katika nchi ya Omani ya leo.

Kitabu chake cha safari hakikuandikwa njiani. Alikisimulia baada ya kurejea Morocco, na mwandishi Ibn Juzayy akakikamilisha mwaka 1355 mjini Fez, kwa amri ya Sultani wa nchi hiyo. Kwa hiyo kati ya ziara ya Kilwa na kuandikwa kwa habari zake ilipita miaka 24 hivi. Kumbukumbu ya muda mrefu namna hiyo huweza kukosea. Katika matini inayotumika sana, kwa mfano, nyumba za Kilwa zinatajwa kuwa za mbao zilizoezekwa kwa matete, ilhali magofu yaliyopo yanathibitisha kwamba msikiti mkuu na majengo mengine ya mji yalikuwa ya mawe ya matumbawe na chokaa. Nyumba za watu wa kawaida huenda zilikuwa za miti, udongo na makuti, lakini mji mzima haukuwa hivyo.

Kosa kama hilo halibatilishi ushahidi wake wote. Mtu husahau ukuta ulijengwa kwa nini, lakini hasahau upesi tendo lililomshangaza. Na tendo alilolikumbuka Ibn Battuta kuhusu Sultani wa Kilwa alilishuhudia mwenyewe siku ya Ijumaa, nje ya msikiti.

Ijumaa moja Kilwa

Sultani alikuwa ametoka katika swala na yuko njiani kurejea nyumbani kwake. Fukara mmoja kutoka Yemen, mmoja wa wale watu wa dini walioishi kwa kusafiri na kutegemea sadaka, alimsimamisha na kumwita kwa lakabu yake, Abul-Mawahib. Lakabu hiyo ina maana ya baba wa vipawa. Chimbuko lake katika Kiarabu ni lilelile la neno hiba, linaloeleweka kwa Waswahili hadi leo. Sultani aliitika na kumuuliza haja yake. Fukara akaomba nguo alizokuwa amezivaa Sultani mwilini. Sultani akakubali. Fukara hakutosheka na ahadi, akataka apewe saa ileile. Sultani akakubali hilo pia.

Hakumwagiza mtumishi wala hakumtaka fukara aje kesho. Alirudi msikitini, akaingia katika nyumba ya khatibu, akavua nguo zake na kuvaa nyingine, kisha akamwita yule fukara aingie azichukue. Fukara akazifunga katika kitambaa, akajitwika kichwani, akaenda zake. Watu waliolishuhudia jambo hilo walimshukuru na kumsifu sana Sultani kwa unyenyekevu na ukarimu wake.

Kisa hakikuishia hapo. Mwana wa Sultani, aliyekuwa mrithi wake, alizichukua zile nguo kutoka kwa fukara na kumpa watumwa kumi kuwa badala yake. Habari za sifa za watu zilipomfikia Sultani, naye aliamuru fukara aongezewe watumwa wengine kumi pamoja na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ibn Battuta anaongeza kwamba zawadi nyingi za nchi hiyo zilikuwa pembe za ndovu, na ni nadra kutolewa dhahabu.

Mambo yanayodhihirika katika tendo hilo

Jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba Sultani alifikika. Mgeni asiye na cheo wala mali aliweza kumsimamisha njiani na kumwita bila kupitia kwa waziri au mlinzi. Katika miji mingi ya zama hizo, mgeni alipaswa kusubiri siku kadhaa kabla ya kumwona mtawala, na mara nyingi alihitaji mtu wa kumtambulisha. Ibn Battuta anathibitisha kwamba ufikikaji huo ulikuwa desturi ya Sultani wa Kilwa: alikuwa akiketi na mafukara na kula nao chakula, na aliwaheshimu watu wa dini na wa nasaba tukufu.

Jambo la pili ni namna alivyolipokea ombi lenyewe. Nguo za mfalme ni alama ya hadhi yake, na kuziomba hadharani zikiwa mwilini mwake kungeweza kuhesabiwa utovu wa adabu. Sultani hakulichukulia hivyo. Wala hakulifanya tendo lake kuwa tamasha mbele ya umati. Alijistiri katika nyumba ya khatibu, akabadilisha nguo kwa heshima, akampa mwombaji haki yake. Katika tendo hilo umo unyenyekevu, na pia umo utulivu wa mtu asiyedhani kwamba heshima yake inakaa katika vazi.

Jambo la tatu linahusu mwanawe. Msafiri hakueleza kwa nini kijana huyo alizirejesha nguo. Huenda aliona haifai vazi la Sultani litembezwe mitaani kichwani mwa mwombaji, au likauzwe sokoni. Vyovyote iwavyo, tendo lake linaonyesha kwamba ndani ya ikulu hapakuwa na mtazamo mmoja. Baba alitoa alama ya utawala bila kusita. Mrithi aliona alama hiyo inapaswa kulindwa, ingawa kwa gharama kubwa zaidi.

Jambo la nne ni zawadi ya pili. Maelezo ya Ibn Battuta yanaweka wazi kwamba Sultani aliiongeza baada ya kusikia namna watu walivyolipokea tendo lake. Hapa anaonekana mtawala anayeijali sauti ya mji. Nguo alizitoa kwa sababu aliombwa. Pembe za ndovu alizitoa baada ya kusifiwa. Ukarimu wake ulikuwa wa kweli, lakini pia ulikuwa nguzo ya utawala wake, naye alilijua hilo. Lakabu ya Abul-Mawahib ilikuwa na faida kwake, na kila zawadi iliipa nguvu mpya.

Asili ya mali iliyogawiwa

Swali ambalo raia wa leo hawezi kulikwepa ni mali hiyo ilitoka wapi. Ibn Battuta analijibu bila kuficha, kwa kuwa halikumtia aibu. Anasema Sultani alikuwa akizishambulia mara kwa mara nchi za watu wa bara wasiokuwa Waislamu, akiwavamia na kuchukua ngawira. Katika ngawira hiyo alitenga sehemu ya tano, yaani khumsi, na kuitumia katika njia zilizoelekezwa na Qurani. Fungu la jamaa wa Mtume aliliweka katika hazina ya peke yake, na masharifu walipomjia aliwapa kutoka humo.

Kwa mtazamo wa msafiri huyo aliyesomea sheria, utaratibu huo ulikuwa dalili ya uadilifu. Mtawala aliyeweza kuitumia ngawira yote kwa anasa aliifunga kwa sheria, akaitenga mafungu na kuyafikisha mafungu hayo kwa waliostahiki. Sifa zake zilivuka bahari. Masharifu walimjia kutoka Iraki, Hijazi na kwingineko. Ibn Battuta aliwakuta Kilwa baadhi ya masharifu wa Hijazi na akawataja kwa majina yao. Tena huko Mogadishu alikutana na mwingine aliyekuwa na nia ya kwenda kwa Sultani huyo. Kwa ukoo uliojinasibisha na masharifu wa Yemen, kuwapokea watu hao kulikuwa pia ni kujiunga na jamaa wakubwa wa Uislamu na kuipa Kilwa jina katika miji mitakatifu.

Lakini mizani hiyo ina upande wa pili. Nyuma ya kila fungu la hazina kulikuwa na kijiji cha bara kilichovamiwa. Watumwa kumi waliotolewa na mwana, na kumi waliotolewa na baba, walikuwa watu ishirini wenye wazazi, watoto na makwao. Simulizi inaeleza kwa utulivu nguo zilivyofungwa, zilivyobebwa na zilivyorejeshwa. Watu ishirini wanatajwa kwa idadi tu, sawa na mizigo ya pembe inavyotajwa. Nguo zilirudi kwa wenyewe, na watu hao wakapata bwana mpya. Hakuna jina hata moja la miongoni mwao lililohifadhiwa.

Kuyasema hayo si kumhukumu mtu wa karne ya 14 kana kwamba aliishi leo. Utumwa ulikuwepo katika falme nyingi za zama hizo, katika Afrika, Asia na Ulaya, na shahidi mwenyewe alimiliki watumwa katika safari zake. Hata hivyo, kuusimulia ukarimu wa Sultani bila kuwataja walioulipia ni kuisimulia nusu ya historia. Maelezo ya Ibn Battuta yana thamani kwa sababu, bila kukusudia, yamehifadhi nusu zote mbili.

Mizani ya shahidi

Ili kuupima vyema ushahidi huo, inafaa kuyakumbuka pia maisha ya aliyeutoa. Ibn Battuta alisafiri kwa miaka mingi akitegemea kwa sehemu kubwa takrima za watawala. Nguo, chakula, farasi na fedha alizopewa ndizo zilizomwezesha kuendelea. Si ajabu basi kwamba jambo la kwanza aliloliangalia kwa mfalme ni mkono wake. Alipofika Mali mwaka 1352, alimlalamikia Mansa Sulayman kuwa bahili, kwa kuwa zawadi ya kumkaribisha aliyopelekewa ilikuwa mikate mitatu, kipande cha nyama na kibuyu cha maziwa ya mgando. Kuhusu Sultani wa Delhi, Muhammad bin Tughluq, aliyemtumikia kwa miaka kadhaa, aliusifu ukarimu wake mkubwa na papo hapo akaeleza ukatili wake wa kumwaga damu.

Kwa hiyo msomaji hapaswi kudhani kwamba msafiri huyo alimsifu kila mtawala aliyemkuta. Alijua kulaumu, na lawama zake zilimgusa mfalme mwenye nguvu kuliko wa Kilwa. Sifa alizompa al-Hasan bin Sulaiman zina uzito zaidi kwa sababu katika habari za Kilwa hasimulii zawadi yoyote aliyopewa yeye mwenyewe. Alichokisimulia ni kile alichopewa mwingine, tena maskini.

Pamoja na hayo, alipitwa na mengi. Hakuitaja Husuni Kubwa, jumba la kifalme lililojengwa juu ya genge linalotazama bahari, mashariki mwa mji wa kale. Uchimbaji wa kiakiolojia ulioongozwa na Neville Chittick ulifunua jengo lenye vyumba zaidi ya 100, nyua za kuketi, birika la kuogea lenye pembe nane, ngazi za kushuka baharini, na upande wa kusini uwanja mkubwa uliozungukwa na vyumba vinavyoaminika kuwa vya bidhaa. Maandishi yaliyochongwa katika mawe yaliyopatikana hapo yana jina la al-Hasan bin Sulaiman. Upanuzi wa msikiti mkuu wa Kilwa, ule wenye kuba upande wa kusini, nao hunasibishwa na zama zake.

Hakutaja pia sarafu. Sarafu za shaba zenye jina la Sultani huyo zimepatikana kwa wingi Kilwa, na moja iliokotwa katika magofu ya Great Zimbabwe, mamia ya kilomita kutoka baharini. Sarafu tatu za dhahabu zenye jina lake zinajulikana pia. Mtawala aliyekula pamoja na mafukara ndiye huyohuyo aliyejenga jumba kubwa kupita majengo yote yaliyojulikana katika mwambao huo, na aliyetaka jina lake lisomwe katika dhahabu. Unyenyekevu wake mbele ya mtu mmoja mmoja haukumzuia kuwa na matamanio makubwa kuhusu dola yake. Mawe na sarafu vinaukamilisha ushahidi wa msafiri, haviukanushi.

Dawud na hazina tupu

Sehemu ya mwisho ya maelezo ya Ibn Battuta inahusu mambo yaliyotokea baada ya kifo cha Sultani, nayo ilimfikia baada ya kuondoka. Anasema al-Hasan alipofariki, nduguye Dawud alishika utawala, naye alikuwa kinyume chake. Mwombaji alipomjia, Dawud alimjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, na hakuacha nyuma yake kitu cha kutolewa. Wageni walikaa kwake miezi mingi na mwishowe wakapata kidogo tu, hata watu wakaacha kubisha hodi katika mlango wake.

Ibn Battuta aliyasimulia hayo kuonyesha ubahili, na kwa karne nyingi yamesomwa hivyo. Lakini jibu la Dawud linaweza pia kusomwa kama taarifa ya hali ya hazina. Huyu ndiye mtu ambaye, kwa mujibu wa kitabu cha kale cha Kilwa, aliwahi kuitunza enzi ya nduguye na kumrejeshea salama. Si sura ya mlafi. Alirithi dola iliyokuwa na jumba kubwa lisilokamilika, kwani wanaakiolojia wamebaini kwamba Husuni Kubwa haikumalizika kujengwa na haikukaliwa kwa muda mrefu. Alirithi pia mlango uliozoeleka na wageni kutoka kila pembe wakitarajia kupewa. Inawezekana kabisa kwamba alikuwa mchoyo. Inawezekana vilevile kwamba alikuwa msema kweli.

Ikiwa usomaji huo wa pili ndio sahihi, basi jibu la Dawud linaongeza jambo moja katika tabia ya al-Hasan. Ukarimu wake haukuwa na akiba. Alitoa kama mtu anayeamini kwamba ngawira ya mwaka ujao itakuwa kubwa kama ya mwaka uliopita, na kwamba majahazi ya Sofala yatakuja daima yakiwa yamejaa. Aliyeomba leo alipata leo. Aliyeomba baada yake alikuta hazina ambayo haikuwekewa kesho.

Urithi uliobaki

Kilwa iliendelea kuwa mji wa biashara kwa zaidi ya karne moja na nusu baada yake, hadi Wareno chini ya Francisco de Almeida walipoushambulia mwaka 1505. Msikiti mkuu ulikarabatiwa na watawala waliofuata. Husuni Kubwa iliachwa, ikazingirwa na vichaka, na sehemu ya kuta zake ikamomonyoka. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kutokana na kuharibika kwa majengo na mmomonyoko wa ufukwe, na baada ya kazi za uhifadhi yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014.

Mgeni anayevuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko leo huonyeshwa birika lenye pembe nane, ngazi zinazoelekea baharini na kuba za msikiti mkuu. Vitu hivyo humwonyesha Sultani mjenzi. Sultani aliyevua nguo zake katika nyumba ya khatibu hana jiwe linalomkumbusha. Yumo katika kurasa chache za msafiri aliyepita na pepo za msimu. Watu ishirini waliotolewa Ijumaa ile wamo katika kurasa hizohizo, na hawana kumbukumbu nyingine popote. Tabia ya mtawala huyo haiwezi kupimwa kwa haki mpaka wote hao wasomwe pamoja: fukara aliyepewa, umati uliosifu, mrithi aliyelinda vazi, ndugu aliyeachiwa hazina tupu, na wale ambao wao wenyewe ndio waliokuwa zawadi.